Siku moja Guangzhou kwa yuan 90: tulivyoipanga na tulivyoitolea hesabu



Wiki hii siandiki kuhusu viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Naandika kuhusu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu tuliporudi China na mashine ya kukoboa mpunga ya kikundi: "Bwana shamba, nikienda Guangzhou kufuata mzigo na nikabakiwa na siku moja, naweza kutembea nikauona mji bila kumaliza hela?"

Jibu ni ndiyo, unaweza. Lakini kabla ya kukupa ratiba na bei, lazima nikueleze jinsi mimi mwenyewe nilivyoharibu siku ya kwanza, na jinsi mama mmoja asiyejua hata neno moja la Kichina alivyonifundisha kuipanga ya pili.

Ilivyokuwa

Kikundi chetu cha wakulima wa mpunga kilichanga kwa misimu mitatu. Wengine walitoa gunia, wengine fedha taslimu, wengine waliuza mbuzi. Tulikubaliana watu wawili waende: mweka hazina, ambaye ni mama mtu mzima na mfanyabiashara wa mchele, na mimi, kwa ajili ya kukagua mashine kabla haijalipiwa. Tulipofika, kiwanda kikatuambia mashine bado iko kwenye majaribio na itakuwa tayari baada ya siku mbili. Tukawa na Jumatatu na Jumanne bila kazi.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mweka hazina, "Mama, twende tukaone mji. Tumefika huku mara moja katika maisha."

Akaniangalia. "Nenda wewe, mwanangu. Mimi nalinda begi. Nikipigwa picha nacheka mbele ya ghorofa, kijijini watasema hela yao nimeila. Nitawajibu nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda peke yangu.

Siku niliyoipoteza

Nilitoka hotelini bila mpango, nikiwa na yuan 400 za mfukoni mwangu. Nje kulikuwa na gari dogo, dereva akaniita kwa Kiingereza kidogo, nikapanda bila kuuliza mita. Alinipeleka kwenye jumba la makumbusho, nikakuta limefungwa, kwa sababu ilikuwa Jumatatu na makumbusho mengi ya China hufungwa siku hiyo. Kwa gari hilo nikalipa yuan 120.

Nikaamua nisirudi mikono mitupu. Nikaenda kwenye Mnara wa Canton, ule mrefu wenye kiuno chembamba unaouona kwenye picha zote za mji huo, nikakata tiketi ya yuan 150 kupanda juu. Mawingu yalikuwa yameshuka. Nikasimama huko juu mbele ya kioo nikaangalia weupe mtupu, kama mtu aliyeingia ndani ya mfuko wa unga. Nikanywa kahawa na kula keki kwa yuan 60, maana njaa ilikuwa imenishika na sikujua pa kula. Kurudi, teksi nyingine, yuan 60.

Jumla yuan 390. Kwa hesabu niliyokuwa naitumia, yuan 1 kwa shilingi 370, hizo ni shilingi 144,300. Hazikuwa za kikundi, zilikuwa zangu, lakini nyumbani nilikuwa nimeacha mtoto anasubiri sare ya shule.

Mweka hazina aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia ukweli: mawingu.

Hakunicheka. Alitoa daftari lake, lile la kaunta bukui analoandikia mauzo ya mchele, akasema, "Kaa hapa. Kesho tunakwenda wote. Kwa hela yetu, siyo ya kikundi, na kila senti inaandikwa."

Tulivyopanga usiku ule

Mama yule alinipangia siku kama anavyopanga safari ya mnadani. Nakupa kanuni zake kama zilivyo, kwa sababu ndizo zilizotuokoa.

Kwanza, tenga pochi mbili. Hela ya kikundi ilifungwa na kukabidhiwa mapokezi kwenye kisanduku cha chuma, tukapewa risiti. Hela ya matembezi ikakaa kwenye kibegi cha kiunoni. Hizi mbili zisikutane kabisa, hata kwa kukopeshana kwa dakika moja.

Pili, weka kikomo kabla hujatoka. Tulikubaliana yuan 120 kwa kila mtu: 90 za kutumia na 30 za dharura ambazo haziguswi mpaka kitokee kitu.

Tatu, panga mahali kwa mstari. Usiende kaskazini, ukarudi kusini, ukapanda tena kaskazini. Sisi tulianza karibu na hoteli, tukashuka kuelekea mtoni, tukamalizia upande wa mashariki ambako kuna treni ya moja kwa moja kurudi.

Nne, kwa kila kitu cha kulipia, tafuta viwili vya bure. Mji mkubwa una mambo mengi ya bure kuliko unavyodhani, ila hakuna anayekuita kwenye cha bure.

Tano, jua utakula wapi kabla njaa haijakushika. Mtu mwenye njaa hanunui, ananunuliwa.

Siku yenyewe

Tulifikia eneo la Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi kutoka Afrika hufikia. Saa 1 na nusu asubuhi tulikula kifungua kinywa kwenye kibanda cha mtaani: unga wa mchele uliomiminwa mwembamba, ukapikwa kwa mvuke, ukakunjwa na yai ndani, pamoja na maziwa ya soya. Yuan 10. Mweka hazina aliushika ule mkunjo kwa vijiti, ukamponyoka mara tatu, akaomba kijiko. Akasema, "Kumbe mchele una kazi nyingi hivi."

Kutoka pale tulitembea kwa mguu mpaka Bustani ya Yuexiu. Kuingia ni bure. Ni bustani kubwa yenye vilima na maziwa, na asubuhi utakuta wazee wanafanya mazoezi na kucheza muziki. Juu ya kilima kimoja kuna sanamu ya mawe ya mbuzi watano, mmoja mkubwa ameinua kichwa na ameshika masuke mdomoni. Guangzhou inaitwa Mji wa Mbuzi kwa sababu ya hadithi yao ya kale: wakati wa njaa walitokea watakatifu watano wamepanda mbuzi watano, wakawagawia watu masuke ya nafaka, wakauombea mji usipatwe na njaa tena, wakaondoka. Mbuzi wakabaki, wakageuka mawe.

Nilimsimulia mweka hazina hadithi hiyo tukiwa chini ya sanamu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi pia niliuza mbuzi kuja hapa." Akaniomba nimpige picha. Ndiyo picha pekee aliyoiomba mwenyewe siku nzima.

Humo humo bustanini kuna Mnara wa Zhenhai, jengo jekundu la ghorofa tano lililojengwa mwaka 1380. Tuliuangalia kwa nje bila kulipa. Ukitaka kuingia kuna kiingilio, na kumbuka habari ya Jumatatu.

Kisha tukapanda treni ya chini ya ardhi. Usiiogope. Mashine ya tiketi ina kitufe cha Kiingereza, unagusa jina la kituo unachokwenda, unaweka noti, inatoa kidude cha plastiki cha duara kama kifungo cha koti. Unakigusisha unapoingia, unakitumbukiza unapotoka. Nauli inaanzia yuan 2. Mlangoni begi lako litapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, ni kawaida kwa kila mtu.

Tulishuka kituo cha Chen Clan Academy. Hapa ndipo mahali pekee tulipolipa kiingilio siku ile, yuan 10. Ni jumba lenye nyua na kumbi nyingi, na juu ya mapaa yake kuna sanamu za udongo wa kuchoma: watu, wanyama, matunda, hadithi nzima. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19. Jambo lililotugusa ni namna lilivyojengwa. Koo za jina la Chen kutoka wilaya 72 za Guangdong zilichangishana, ili vijana wao wanaokuja mjini kwa ajili ya mitihani ya serikali wawe na pa kufikia. Walikuwa watu wa sehemu mbalimbali wasiojuana, wakachanga, na jumba likasimama. Mweka hazina alizunguka nguzo zile taratibu sana. Aliniuliza ni nani aliyekuwa akishika hela za mchango. Sikujua. Akasema, "Huyo mtu hakulala usingizi."

Kutoka hapo, yuan 2 za treni mpaka kituo cha Huangsha. Hatua chache ukitembea unakuta soko la Qingping, soko la dawa za asili na vyakula vilivyokaushwa. Ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukikosa vingine vyote, hapa usipakose. Kuangalia ni bure.

Tulikuta uyoga mkavu umepangwa kwenye magunia yaliyofunguliwa midomo. Uyoga ni wa aina moja, lakini magunia ni manne: mkubwa mnene, wa kati, mdogo, na vipande. Kila gunia lina bei yake. Duka la pili lilikuwa na maganda makavu ya chenza. Ndiyo, maganda, yale ambayo sisi tunatupa. Wakantoni huyatumia kwenye chai, supu na dawa, na yale ya eneo la Xinhui ndiyo yenye sifa zaidi. Yanakaushwa, yanahifadhiwa kwa miaka, na kadiri yanavyozeeka ndivyo bei inavyopanda. Yalikuwa kwenye mitungi ya kioo, kila mtungi umeandikwa miaka yake. Kwa programu ya kutafsiri kwenye simu, mwenye duka alituonyesha mtungi wa miaka 3 na mtungi wa miaka 10, na bei zake zilikuwa mbali kama mlima na bonde.

Tafadhali usisome hapa ukaenda kukausha maganda ya machungwa ya shamba zima. Hatuna soko la maganda, na wao wana mamia ya miaka ya mazoea. Nilichotaka uone ni kile alichokiona mweka hazina. Alirudi kwenye uyoga, akayaangalia magunia manne, akasema, "Sisi tunachanganya chenga na mchele mzima kwenye gunia moja, halafu tunalalamika mnunuzi ametupa bei ya chenga."

Chakula cha mchana tulikula kwenye mgahawa wa tambi za Lanzhou. Ni migahawa midogo ya Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China. Bakuli kubwa la tambi, supu na nyama ya ng'ombe ilikuwa yuan 18. Kwa msomaji Mwislamu anayehofia chakula, hapo utakula kwa amani, na migahawa hiyo ipo kila upande wa mji. Ukiwa huko siku ya Ijumaa, karibu na Bustani ya Yuexiu kuna msikiti wa Xianxian, ambako utakuta Waafrika wengi kwenye sala.

Mchana tulivuka daraja la miguu kuingia Shamian, kisiwa kidogo ambacho Waingereza na Wafaransa walikishika katika karne ya 19. Kuna majengo ya zamani, miti mikubwa na viti vya kupumzikia. Ni bure. Tulikaa saa nzima tukiwa tumevua viatu. Weka saa ya kupumzika kwenye ratiba yako. Asiyepumzika, miguu yake itampeleka kwenye teksi.

Baadaye tukapanda kivuko cha abiria kuvuka Mto Pearl kwenda na kurudi, yuan 2 kila upande. Meli za watalii za jioni zina taa nyingi na bei yake ni mara nyingi zaidi. Mto ni ule ule.

Jioni tulichukua treni hadi Zhujiang New Town, upande wa mji mpya. Kuna uwanja mpana wa kutembea unaoitwa Huacheng, maghorofa pande zote, na ng'ambo ya mto unauona Mnara wa Canton mzima ukiwaka taa za rangi zote. Bure kabisa. Nilisimama pale nikauangalia mnara ambao jana yake nilikuwa ndani yake na sikuona kitu. Tukala chakula cha jioni kwa yuan 20, tukapanda treni ya laini namba 5 mpaka Xiaobei bila kubadilisha. Saa 3 usiku tulikuwa hotelini.

Hesabu ya mtu mmoja

Kifungua kinywa: yuan 10
Treni, safari nne (3, 2, 5 na 4): yuan 14
Kiingilio cha Chen Clan Academy: yuan 10
Chakula cha mchana: yuan 18
Kivuko, kwenda na kurudi: yuan 4
Maji na matunda: yuan 14
Chakula cha jioni: yuan 20
Jumla: yuan 90, sawa na shilingi 33,300 kwa hesabu yetu.

Watu wawili tulitumia yuan 180. Mimi peke yangu Jumatatu nilitumia zaidi ya mara mbili ya hizo. Zile 30 za dharura zilirudi na sisi. Bei hupanda na kiwango cha kubadilisha fedha hubadilika, kwa hiyo piga hesabu yako upya kabla ya kuondoka, na ongeza kidogo.

Mambo ya kujiandaa nayo

Kadi ya hoteli: omba yenye anwani kwa maandishi ya Kichina, ukipotea unaionyesha tu. Pasipoti tembea nayo, kwani polisi wanaweza kuiomba. Hakikisha hoteli imekuandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu ufike, ndiyo sheria yao.

Fedha: Wachina wengi hulipa kwa simu kwa WeChat au Alipay. Fedha taslimu inapokelewa, lakini mwenye kibanda anaweza kukosa chenji. Tembea na noti za yuan 1, 5 na 10.

Simu: WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya kule. Waage watu wa nyumbani mapema, wasidhani umepotea. Pakua programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti ukiwa bado nyumbani. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa 5.

Mwili: viatu ulivyovizoea, siyo vipya. Karatasi za chooni mfukoni, kwa sababu vyoo vya umma ni bure lakini vingi havina karatasi. Miezi ya katikati ya mwaka kuna joto kali na mvua. Oktoba na Novemba ni afadhali, ila kuna maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yale yaliyoanza mwaka 1957, na hoteli hupanda bei. Vivyo hivyo Aprili.

Teksi: panda yenye mita tu. Anayekuita wewe kwanza, mpite.

Tulivyotoa hesabu

Mashine ilikaguliwa Jumatano, ikalipiwa, ikasafirishwa. Tuliporudi, mkutano wa kikundi uliitwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Taarifa ya mashine ilisomwa na kupokelewa. Halafu mzee mmoja akanyoosha mkono. Picha ya mbuzi wale ilikuwa imeshafika kijijini kabla yetu, si unajua simu.

"Tunashukuru kwa mashine," akasema. "Lakini tumeona mlikuwa mnatembea. Kwa hela ya nani?"

Nilitaka kusimama nijibu mimi. Mweka hazina alinishika mkono, akainuka yeye. Akafungua daftari, akasoma. Kwanza risiti ya kisanduku cha hoteli, kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka, vinalingana. Kisha matembezi: tambi 18, kivuko 2 na 2, treni moja moja. Alisoma mpaka ndizi tulizonunua. Akataja alikotoa hela hiyo: faida ya mchele wake wa mwezi uliotangulia, na wanaomdai na anaowadai wakawa wanamjua ni kweli.

Kisha akasema, "Na bwana shamba Jumatatu alipoteza yuan 390 za kwake. Hizo yeye mwenyewe ataeleza."

Watu wakacheka, nami nikaeleza mpaka mawingu. Mzee yule akauliza kama ni kweli wanauza maganda. Mjadala ukahamia kwenye magunia ya uyoga, na kabla jua halijazama tulikuwa tumekubaliana kwamba mashine mpya, kwa kuwa ina chekeche ya kutenganisha chenga, tutaitumia chekeche hiyo na kila daraja litapimwa kwenye gunia lake. Msimu huu tumeanza. Habari za bei nitawaandikia tukishauza, siyo kabla.

Kwa hiyo ukienda Guangzhou kufuata pampu, vitenge au vipuri vya pikipiki, usiogope kuuona mji. Nenda kwa hela yako, na kikomo chako, na daftari. Kanuni ni hizo hizo hata kama safari yako ni ya Nane Nane Morogoro.

Ukiwa na swali, uliza hapo chini. Hujibu jioni, nikishatoka shambani. Wiki ijayo tunarudi kwenye viwavijeshi.